Boti ya Pemba ni Ijumaa asubuhi: siku mbili za Unguja tulale wapi, tutembee wapi, tukiwa na mzee na watoto?

MtuWaKihonda

Wakuu, habari zenu. Nina jambo naomba wenyeji wa Unguja mnisaidie kabla sijalipia chochote.

Mwisho wa mwezi tunatoka Morogoro kwenda Pemba harusini. Shemeji yangu anafanya kazi Chake Chake na anaoa huko huko. Msafara ni mimi, mke wangu, watoto wawili (wa kiume ana miaka kumi, wa kike sita) na mama mkwe. Mama ameshavuka sabini, magoti yanamsumbua, anatembea kwa mkongojo, na hajawahi kuvuka bahari maishani mwake. Ndiye mzazi pekee aliyebaki upande wa bwana harusi, kwa hiyo mnaelewa: boti hii ya Pemba haitakiwi kutuacha.

Ratiba iko hivi. Jumatano mchana tunashuka bandari ya Malindi tukitokea Dar. Boti ya Pemba, kwa mujibu wa tiketi, ni Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, bandari hiyo hiyo. Kwa hiyo tunalala Unguja Jumatano na Alhamisi.

Mke wangu anataka Nungwi, ameona picha za ule mchanga mweupe. Jamaa yangu wa ofisini anasema Mji Mkongwe ni joto na vichochoro, mzee atateseka, bora tutafute gesti za bei nafuu nje ya mji wa zamani. Mimi moyo wangu uko kwenye historia. Kijana wangu amesoma darasani habari za soko la watumwa na masultani, natamani ayaone kwa macho. Bajeti ni ya mfanyakazi wa kawaida.

Mngekuwa nyie mngelala wapi? Na hiyo siku moja na nusu mngeitumiaje?

---

Kaskazini_Kwetu

Karibuni sana. Kura yangu nampa mkeo. Bahari ya Nungwi na Kendwa haikimbii mbali maji yakipwa, watoto wanaogelea muda wowote. Mkienda Paje au Jambiani maji yakitoka mtayafuata mpaka mchoke. Mzee anakaa kivulini anapigwa na upepo, hapandi ngazi, hasumbuliwi na mtu.

Ijumaa mnaamka mapema, teksi mnaipanga tangu usiku, saa kumi na nusu alfajiri mnaondoka, barabara tupu. Saa kumi na mbili mko Malindi.

---

BarazaYaKiponda

MtuWaKihonda, karibu Zanzibar wewe na familia yako. Mimi ni wa Mji Mkongwe, nimezaliwa na kukulia hapa, na nitakwambia ninavyoona.

Laleni Malindi au jirani yake, siku zote mbili, na msihame chumba.

Kaskazini_Kwetu hajasema uongo kuhusu bahari ya kwao, na alfajiri barabara kweli huwa tupu. Lakini Nungwi mpaka mjini ni kama kilomita 60. Siku gari ikiwa nzima na dereva kaamka, mnafika. Siku dereva hapokei simu, saa kumi usiku, mko na mzee wa mkongojo na watoto wenye usingizi, mtampata nani mwingine? Angalia wenyewe tunavyofanya. Mtu wa shamba, awe wa Nungwi, wa Makunduchi au wa Matemwe, akiwa na safari ya Pemba asubuhi, jioni yake utamkuta mjini kwa nduguye. Barabara anaijua kuliko wageni wote, na bado halali kwao.

Na kuhama kwenyewe ni kazi. Jumatano mshuke botini na mabegi, mpande gari kwa muda wa saa moja na nusu, mfike jioni. Alhamisi moja ya kupumzika, halafu usiku wa manane mfunge tena mizigo ya watu watano na nguo za harusi. Mama mkwe atafika Chake amechoka siku ambayo watu wote wanataka kumsalimia.

Sasa Malindi. Huyo jamaa yako wa ofisini ana hoja moja ya kweli: ngazi. Nyumba zetu za zamani ni za ghorofa mbili, tatu, mpaka nne, ngazi zake zimesimama wima, na lifti ni chache mno. Kwa hiyo usiulize tu kama chumba kipo. Piga simu, ongea na mtu wa mapokezi, mwambie una mzee wa magoti, unataka chumba cha chini kabisa, na umuulize choo chake kina kizingiti cha juu kiasi gani. Picha za mtandaoni hazionyeshi kizingiti. Halafu uliza kama gari linafika mlangoni. Hili ni kubwa. Ukichukua gesti iliyo katikati ya Kiponda au Hurumzi, ni pazuri na pametulia, lakini gari litawashusha barabarani na kuanzia hapo ni miguu na hamali, yaani mchukuzi wa mizigo. Chukua iliyoko barabarani: barabara ya Malindi inayoelekea bandarini, Mizingani ufukweni, au upande wa Darajani. Shangani nako gari zinaingia, ila kutoka kule mpaka bandarini ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mzima wa miguu. Kwa mama yako ni bajaji.

Habari ya joto, inategemea nyumba. Kuta za mawe na chokaa ni nene, dari ziko juu, na ukifungua madirisha ya upande wa bahari upepo unaingia. Chumba kibaya ni kile kilichokatwakatwa katikati ya nyumba, hakina dirisha la nje. Mwulize huyo huyo wa mapokezi: dirisha linatazama wapi?

Kingine, ukishuka botini Jumatano utakutana na mapapasi, hawa vijana wanaong'ang'ania wageni pale nje ya geti. Wape salamu, sema unakwenda kwa mwenyeji wako, pita. Usikubali mtu akupeleke gesti ambayo hukuitaja wewe, na tiketi usikate kwa mtu wa mkononi. Tiketi ni dirishani, kwenye ofisi ya boti yenyewe.

Nikimaliza swala nitarudi na habari ya matembezi.

---

FundiWaJangombe

Naunga mkono asilale Nungwi, ila BarazaYaKiponda watu wa Mji Mkongwe mnasahau kuwa mji una upande wa pili. Ndugu kasema bajeti ni ya mfanyakazi. Ng'ambo, kuanzia Michenzani, Kikwajuni mpaka Amani, kuna gesti safi, chumba cha chini, gari mlangoni, na bei ambayo Mji Mkongwe huipati kwa sababu kule bei zimewekwa kwa mtalii. Kutoka Michenzani mpaka Malindi kwa bajaji ni dakika chache, saa kumi na moja alfajiri bodaboda na bajaji zipo. Na chakula ni cha wenyewe, utakula ubwabwa na samaki wa nazi kwa bei ya Mzanzibari.

---

BarazaYaKiponda

Fundi, hapo umesema kweli, na kwa familia isiyo na mzee ningemwambia aende Michenzani moja kwa moja. Ninachomfikiria ni huyo mama mchana. Akichoka saa nne asubuhi katikati ya matembezi, arudi kitandani kwa dakika tano, wengine waendelee. Akiwa Ng'ambo, akichoka yeye wote wamechoka. Lakini kama bei za Malindi zitamshinda, Michenzani ni ya pili kwenye orodha yangu, kabla ya pwani yoyote.

Sasa matembezi.

Jumatano msipange kitu kikubwa. Mmeshuka botini, mama bado anahisi ardhi inayumba. Pumzikeni mpaka Alasiri, halafu polepole mfuate ukuta wa bahari, Mizingani, mpaka Bustani ya Forodhani. Jua linapokaribia kuzama vijana wa mtaani wanarukia baharini kutoka juu ya ukuta, wanapinduka hewani, watoto wako wataganda pale. Baada ya Magharibi wauza chakula wanawasha taa: mishkaki, pweza, kachori, urojo, miwa inayokamuliwa na tangawizi na ndimu. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, na samaki na pweza chagua yule anayechomwa mbele yako, si aliyelala mezani. Mama mpe urojo, ni laini na unapasha moto tumbo.

Alhamisi ndiyo siku yenu. Tokeni saa mbili, kabla jua halijapanda. Uzuri wa Malindi ni kwamba mambo makubwa ya ufukweni yamejipanga mstari mmoja, ardhi ni tambarare, na kuna mahali pa kukaa njia nzima.

Karibu na geti la bandari liko jengo la Dispensari ya Zamani. Watu wengi wanalipita wakikimbilia boti, na mimi naliona ndilo jengo zuri kuliko yote mjini. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na fedha nyingi enzi za sultani Sayyid Barghash, alianza kulijenga 1887 na akafa kabla halijakamilika. Simameni ng'ambo ya barabara muangalie zile roshani za mbao, zimechongwa kama lesi. Mjengo wa Kihindi kabisa, umesimama kwenye bahari ya Waswahili. Lilikuwa limechakaa likitaka kuanguka, likakarabatiwa miaka ya tisini na taasisi ya Aga Khan.

Mkienda mbele kidogo ni Mtini, ule mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911. Chini yake kuna kivuli kizito, mafundi na manahodha hukaa hapo. Mpumzisheni mama. Halafu Kasri, halafu Beit el-Ajaib. Hili la mwisho mtaliona kwa nje tu. Barghash alilijenga 1883, lilikuwa na umeme na lifti wakati watu wa hapa hawajapata kuona vitu hivyo, ndiyo likaitwa la maajabu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu walipoteza maisha, na tangu hapo ni kazi ya ukarabati. Sisi tuliokua tukilitazama kila siku, ilituuma sana. Mwambie kijana wako pia kwamba kwenye ufukwe huo huo, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga kasri la sultani kwa mizinga na vita ikaisha kabla ya saa moja kutimia. Watoto wa umri wake hilo hawalisahau.

Ngome Kongwe iko hapo hapo. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mabaki ya kanisa la Wareno. Ndani kuna uwanja wa majani, mabinti wadogo hupenda kukimbia hapo. Mpaka hapo ni saa nne na nusu, mama arudi chumbani.

---

MtuWaKihonda

BarazaYaKiponda, Mungu akubariki kaka, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mke wangu amesoma yote. Amekubali hoja ya dereva asiyepokea simu, ila anauliza: ina maana tufike Zanzibar na watoto wasiguse bahari? Pia, soko la watumwa hujaligusa. Na kisiwa cha Changuu kwenye kobe wakubwa vipi, mzee anaweza?

---

BintiKonde

Naomba nimjibu wifi yangu huyo, mke wa MtuWaKihonda.

Dada, mnakwenda Pemba! Mimi ni wa Konde, kaskazini ya Pemba. Mkimaliza harusi, muombeni shemeji yenu gari siku moja tu mwende Vumawimbi. Mnapita Wete, mnapita Konde, mnaingia msitu wa Ngezi, miti mirefu inafunika barabara mpaka kunakuwa na baridi, halafu mkitokeza ni mchanga mweupe na bahari, na watu mtawahesabu. Picha ulizoziona za Nungwi ni nzuri, lakini katika picha hizo kuna vitanda vya hoteli na boti zimejazana. Vumawimbi hakuna vitanda. Bebeni maji na chakula, maana maduka hakuna.

Na kuna jambo wageni wengi wanalifanya linanisikitisha. Wanafika Unguja, wanamaliza fedha na nguvu zote huko, Pemba wanapita kama watu wanaokwenda ofisini. Wanalipa kwenda shamba la viungo Kizimbani kuonyeshwa mkarafuu mmoja, wakati karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwetu. Mkija wakati wa mavuno mtaziona zimeanikwa kwenye majamvi kandokando ya barabara, gari zima linanukia. Kwa hiyo Unguja angalieni kile ambacho Pemba hatuna, yaani mji. Mchanga, karafuu na msitu acheni, vinawasubiri.

---

Kaskazini_Kwetu

BintiKonde umenishinda kwa haki. Nami nasema hivyo hivyo sasa: mkirudi kutoka Pemba, kama mna siku ya ziada na hakuna boti inayowasubiri, ndipo mje Nungwi. Daladala namba 116 zinakuja mpaka kijijini, ila na mzee chukueni gari la kukodi.

---

MwalimuChwaka

Nataka kuchangia kwenye soko la watumwa, maana nafundisha skuli na huwa tunapeleka wanafunzi.

Pale Mkunazini, soko la wazi lilifungwa mwaka 1873, baada ya Barghash kubanwa na Waingereza kutia saini mkataba. Mwaka huo huo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya kiwanja chenyewe, na inaelezwa kuwa altare iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wa mawe, kazi ya msanii wa Sweden ya mwaka 1998, shingoni wamefungwa minyororo ya kweli. Kuna maonyesho yenye maelezo ya Kiswahili, na kuna vyumba vya chini ya ardhi.

Kijana wa miaka kumi mpeleke, lakini usimpeleke hajui anakokwenda. Kaa naye Jumatano usiku, mweleze kwamba ataona mahali walipouzwa binadamu, na wengi wao walitoka Bara: kusini, kandokando ya Ziwa Nyasa, na njia ya Tabora mpaka Bagamoyo. Nyie mnatoka Morogoro, misafara ile ilipita kwenu. Mtoto akijua hilo hataliangalia kama jambo la wageni. Na mweleze kuwa kufungwa soko hakukuwa mwisho. Biashara ya magendo iliendelea, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria hapa mpaka 1897. Wanafunzi wangu wengi hudhani mwaka 1873 minyororo yote ilikatika siku moja.

Binti wa miaka sita mimi nisingemshusha kwenye vyumba vile. Na mama mkwe pia asishuke. Dari ni fupi, mtu mzima anainama, hewa ni nzito, na ngazi si za magoti yake. Abaki nje kwenye kivuli na mjukuu.

---

FundiWaJangombe

Mwalimu, ahsante, ila kwa binti wa miaka sita mimi nina mawazo tofauti kidogo. Vyumbani asishuke, sawa. Lakini zile sanamu aone. Watoto wa umri huo wanaelewa mnyororo. Wanaouliza maswali mazuri pale mara nyingi ni wao.

---

MwalimuChwaka

Fundi, hilo wazazi wataamua, wao ndio wanamjua binti yao. Kama ni mtoto anayeota ndoto usiku, asubiri. Atakua, na pale pataendelea kuwepo.

---

BarazaYaKiponda

Mwalimu amelimaliza. Nakamilisha mpango tu. Kutoka Ngome Kongwe baba na kijana wanaweza kukata mji kwa miguu mpaka Mkunazini, wakiuliza njia kwa wazee wa barazani. Mkipotea vichochoroni hapana tabu, mji ni mdogo, mtatokea ama baharini ama barabara kubwa ya Darajani. Mama mkwe, mkeo na binti wapande bajaji wazungukie Darajani, wakutane mlangoni pa kanisa. Mkitoka, soko la Darajani liko hatua chache, limejengwa 1904. Nunueni hapo zawadi za harusi kama hamjanunua: kanga, udi, halua. Halua ya Zanzibar kuipeleka Pemba haina maana, Wete wanapika nzuri kuliko sisi, lakini udi na kanga hamkosei. Upande wa nyama na samaki msiingie na mzee, sakafu inateleza.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, hasa wanawake, mjini na Pemba vilevile. Hakuna atakayewakamata, ni heshima tu kwa wenye mji, na watu watawapokea tofauti kabisa.

Kuhusu Changuu. Kobe wale wa asili ya Aldabra waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wapo wenye umri zaidi ya miaka mia, na umri umeandikwa kwa rangi mgongoni. Watoto wanawapenda kupita kiasi. Jengo lenyewe la jela la mwaka 1893 halikuwahi kufunga wafungwa, likawa karantini ya wagonjwa waliokuja na meli. Boti ndogo zinatoka Forodhani na pale Mtini, ni nusu saa hivi. Ila mzee hapana. Unapanda na kushuka majini, kuna wakati maji yanafika magotini, na boti inanesa. Alhamisi mchana baada ya chakula, mama mkwe akilala na mkeo akibaki naye, baba awapeleke watoto, na hapo hapo wataogelea. Hilo ndilo jibu la wifi: bahari wataigusa. Saa kumi na moja jioni muwe mmerudi, maana mna safari.

---

BahariaWaPwani

Nimefanya kazi kwenye boti muda mrefu. Niseme mambo ya Ijumaa yenyewe.

Saa moja na nusu iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya kung'oa nanga, si saa ya kufika. Saa kumi na mbili na robo muwe getini. Kuna foleni ya ukaguzi wa mizigo, kuna kuonyesha vitambulisho, na mzee lazima apite kabla ya msongamano. Beba NIDA za wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho. Alhamisi mchana piteni ofisi ya boti, iko hapo hapo bandarini, muulize kama saa haijabadilika. Bahari ikichafuka saa husogezwa au safari huahirishwa, na anayelala Malindi anapata habari hiyo kwa kutembea tu. Mwambie mfanyakazi wa boti mapema kuwa una mzee, watamtanguliza na kumpa mkono kwenye ngazi.

Bahari ya Unguja na Pemba si kama ya Dar na Unguja. Mkishapita Nungwi mnaacha kivuli cha kisiwa, kuna mkondo mkali pale na bahari ina kina kirefu. Wakati wa upepo wa kusi, katikati ya mwaka, boti inaweza kucheza sana. Wakati mwingine inakuwa shwari kama meza. Kwa asiyezoea, kiti kizuri ni cha chini, katikati kuelekea nyuma. Mbele kabisa kunapigwa sana, na juu kunayumba zaidi. Aangalie nje, upeo wa macho, asitazame simu. Dawa ya kichefuchefu cha safari inanywewa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika, na kwa kuwa ni mzee na huenda ana dawa nyingine anazotumia, muulizeni daktari wake Morogoro kabla ya safari. Asubuhi asikae na njaa, asishibe sana pia. Mkate wa boflo mkavu na chai ya tangawizi inatosha.

---

MtuWaKihonda

Wakuu, nimeongea na gesti moja ya Malindi, chumba cha chini kipo, gari linafika, dirisha linatazama barabara. Kizingiti cha choo ameenda kukipima kwa mkono akanirudishia jibu, nimefurahi sana. Swali dogo la mwisho: asubuhi ile ya Ijumaa, mizigo ya watu watano na mama, kutoka gesti mpaka getini ni mwendo wa dakika saba nimeambiwa. Nichukue bajaji au hamali? Na tukifika bandari ya Mkoani, kwenda Chake inakuwaje?

---

BarazaYaKiponda

Vyote viwili. Mama na binti wapande bajaji, nyie wengine fuateni gari la hamali kwa miguu na msiliache macho. Bei elewaneni Alhamisi jioni, na mwombeni mtu wa gesti awatafutie hamali anayemjua yeye. Mwambieni awe amefika saa kumi na mbili kamili. Alfajiri mtaamshwa na adhana, Malindi misikiti iko karibu karibu, kwa hiyo hofu ya kupitiwa na usingizi hamna.

---

BintiKonde

Mkoani mwambieni shemeji aje na gari gatini mapema, maana abiria wakishuka wote wanagombania magari yale yale. Mpaka Chake ni kama kilomita 30, barabara ni ya lami, ina vilima na kona nyingi, basi mama akae kiti cha mbele. Na mkifika nyumbani kwa bi harusi, kabla ya salamu hazijaisha, semeni mapema kwamba mama ana magoti. La sivyo watamkaribisha chini kwenye jamvi pamoja na wazee wenziwe, naye ataona haya kukataa. Wakijua watamwekea kiti tangu mwanzo.